Barua ya mwisho wa muhula wa kwanza

Lubumbashi, Desemba

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wetu,

Jambo kwenu wote. Mitihani imekwisha, buletini za matokeo zitatolewa Ijumaa, na siku ya kufungua Januari imeandikwa chini ya kila buletini. Paa la darasa la pili halivuji tena. Basi, tuje kwenye habari yenyewe.

Kikundi chetu cha filamu kimepiga picha zake za kwanza nje ya shule. Watoto kumi na mmoja wa darasa la tano sekondari, walewale mnaoniambia hawaamki mpaka wamwagiwe maji, saa kumi na moja na nusu asubuhi walikuwa wameshafika mtaa wa Kamalondo, kamera ya kuazima imefungwa kwenye kitenge isipate unyevu. Mimi nilifika saa kumi na mbili, nikawa wa mwisho. Mlikumbuke hilo, nitalirudia.

Filamu yenyewe ni fupi: mjukuu anataka kuuza baiskeli ya babu yake. Babu ni mzee wa kweli wa avenyu ile, aliyeingia kazini kabla ya 1967, kampuni ya shaba, Gécamines ya leo, ikiitwa bado Union Minière. Alipewa maneno ya kusema, akayaacha kando akaanza kusimulia poso, chakula walichogawiwa wafanyakazi wa kampuni, jinsi mama zetu walivyopanga foleni kupokea unga wa juma. Nyuma yake, juu ya mabati, shemine, lile bomba refu la moshi la kiwanda, ilionekana wima kabisa. Mwongozaji, binti wa miaka kumi na saba, hakumkatiza. Aliinua mkono tu wenzake wasisogee, kamera ikaendelea. Nilijivuna kana kwamba nimemzaa mimi.

Klapu yao, ile inayogongwa mwanzo wa kila picha, ni kipande cha ubao wa darasani na mbao mbili zenye bawaba. Msidhani ni mchezo: picha inanaswa na kamera, sauti inanaswa na simu, na bila ule mlio mmoja hakuna atakayeoanisha midomo na maneno baadaye. Msichana wa skripti, anayeangalia vitu visibadilike kati ya picha na picha, alisimamisha kazi yote kwa sababu ya kifungo cha shati ambacho asubuhi kilikuwa wazi na sasa kimefungwa. (Ni yuleyule anayesahau daftari la hesabu mara mbili kwa juma.) Kisha fundi wa sauti akaomba dakika moja ya kimya, anase sauti ya uwanja peke yake. Dakika nzima! Kuku, redio ya jirani, baiskeli ya makala, yaani mkaa, ikilia breki barabarani, na watoto wetu kimya. Walimu wa darasa la tano, hamkukosea kusoma: kimya.

Saa nne mvua ikashuka juu ya mabati, sauti ikaharibika. Kati ya picha kumi na nne walizopanga, walipata tisa. Watarudi Januari.

Sasa yale mengine. Kama mtoto anaweza kufika Kamalondo kabla ya jua, kwa nini Jumatatu nusu ya shule inanikuta bendera imeshapanda? Msinitajie tena matope wala pikipiki kukosa mafuta. Matope ya siku ile niliyakanyaga mwenyewe, viatu vyangu ni mashahidi.

Minervali, yaani ada ya shule. Wapo waliolipa kidogo kidogo, nawashukuru, wanajijua. Wapo ambao tangu Septemba hawajaleta hata falanga moja, na wananiandikia usiku kuniuliza pointi za mtoto. Mwenye shida aje tuzungumze. Mlango wangu haujawahi kufungwa kwa mtu aliyefiwa au aliyeachishwa kazi. Lakini mtu anayenipita barabarani akitazama pembeni, huyo hana shida, ana mazoea. Buletini yake itamngojea ofisini kwangu.

Na kuna jambo limenikaa kooni. Siku ya filamu wanafunzi sita wasio wa kikundi walitoroka masomo wakaenda kujipanga ukutani, eti nao ni waigizaji. Watano wameadhibiwa, wamesafisha uwanja, yamekwisha. Wa sita nilikuwa na karatasi yake mezani, imeandikwa na mzazi na kutiwa sahihi: mtoto ana malaria, hawezi hata kuinuka. Jioni tulipotazama picha tukamwona, sweta ya shule mwilini, nyuma ya baiskeli ya mzee, anatafuna andazi. Mtoto kutoroka nimezoea, nina dawa yake. Mzazi kumwandikia uongo, hapo dawa sina. Kesho mtoto huyo akiugua kweli, nani atamwamini?

Mzazi huyo namngoja Jumatatu saa mbili, bila karatasi nyingine. Na ajue mwanawe atabaki ndani ya filamu. Nilimwomba mwongozaji amtoe, amekataa: anasema mwanga wa picha ile hataupata tena.

Prefe wa Masomo, mkuu wa shule