Nairobi au Mombasa? Mwanagenzi aanze na hesabu ya nyumba

MHARIRI,

Kila orodha ya vituo vya madaktari wanagenzi, yaani waliomaliza masomo na sasa wako mafunzoni kazini, inapotoka, swali huwa lile lile: kati ya aliyepangiwa Nairobi na aliyepangiwa Mombasa, nani atabaki na kitu mfukoni? Wengi hujibu kwamba Pwani maisha ni nafuu, basi mjadala ukaishia hapo. Tunaona hesabu hiyo inaanzia pasipofaa, na vijana wanaoifuata huumia mwezi wa kwanza tu.

Mshahara haujui mji. CBA ya 2017, yaani mkataba wa pamoja kati ya serikali na chama cha madaktari, ilimweka mwanagenzi kwenye Sh206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ilitaka kumlipa Sh70,000, jambo lililochangia mgomo wa siku 56 kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na ni Desemba mwaka huo ndipo ilipokubaliwa kiwango cha zamani kirudi. Kwa viwango vya makato vilivyoanza Februari 2025, mwenye Sh206,400 alikatwa NSSF ya akiba ya uzeeni Sh4,320, SHIF ya bima ya afya ya asilimia 2.75 ambayo ni Sh5,676, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, yaani Sh3,096. Matatu hayo hutolewa kwanza, kisha ushuru wa mapato ulipigwa kwenye Sh193,308 zilizosalia. Ukishatoa nafuu ya Sh2,400, mamlaka ya ushuru, KRA, ilichukua takriban Sh50,376. Mkononi zilibaki Sh142,932. Angelipwa Sh70,000, kwa njia hiyo hiyo angebaki na Sh51,594.

Chukua sasa nyumba ya Sh30,000 kwa mwezi, katika mji wowote kati ya hiyo miwili. Mwenye Sh142,932 anaitolea asilimia 21 ya pesa zake. Mwenye Sh51,594 anaitolea asilimia 58, kabla hajanunua unga wala tokeni za umeme. Ndiyo maana wanagenzi walikataa zile Sh70,000, na anayesema kijana asiye na familia zingemtosha hajaipiga hesabu hii.

Kodi ya nyumba haipunguzi ushuru wa mapato hata kwa senti. Kwa mwenye Sh206,400, kila Sh1,000 ya nyongeza humfikia ikiwa Sh670. Ili afidiwe nyumba iliyo ghali kwa Sh10,000 zaidi, lazima aongezwe karibu Sh14,920. Posho ya nyumba kwa watumishi wa umma hutofautiana kwa mji, na Nairobi iko juu, lakini tofauti hiyo nayo hupita kwenye makato hayo hayo. Anayelinganisha posho za miji miwili alinganishe kinachobaki, si kilichoandikwa kwenye barua.

Kosa kubwa zaidi ni kuihesabu Nairobi kama mahali pamoja. Aliye hospitali ya Mama Lucy anaweza kupanga Umoja, Donholm au Kayole akatembea hadi kazini au akapanda matatu moja. Aliye hospitali ya Kenyatta amezungukwa na Upper Hill, ambako kodi si ya mwanagenzi, kwa hivyo hutafuta Ngumo, karibu na Kenyatta Market, au asogee hadi Madaraka na Lang'ata. Watu wawili wenye mshahara mmoja, katika mji mmoja, wanaweza kutofautiana kwa kodi kuliko mmoja wao anavyotofautiana na mwenzake wa Mombasa.

Mombasa nako kuna mtego wake, nao ni Likoni, ng'ambo ya kisiwa. Kodi za huko huvutia, na feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu. Lakini hospitali ya Coast General iko kisiwani, na daktari aliyeitwa saa nane za usiku kwa mama anayehitaji upasuaji hawezi kusubiri feri. Mwanagenzi wa Coast General apange Tudor au mitaa mingine ya kisiwani. Kisauni ni mbadala, mradi ahesabu msongamano wa daraja la Nyali asubuhi.

Kisha kuna maji. Sehemu nyingi za Mombasa mfereji hukauka siku kadhaa mfululizo, na maji ya visima vingi yana chumvi. Hayo yanafaa kuogea na kuoshea vyombo, ila ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Kabla ya kulipa dipositi, muulize jirani, si ajenti, mfereji hutoa maji siku ngapi kwa wiki na tangi la jumba ni la lita ngapi.

Umeme pia. Aliyetoka zamu ya usiku hulala mchana, na mchana wa Mombasa kati ya Desemba na Machi haulaliki bila feni. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kwa siku hula uniti 18 kwa mwezi, na hizo zinabebeka. Kiyoyozi cha wati 1,000 kikifanya kazi mfululizo saa 8 kwa siku hula uniti 240. Bei ya umeme hupanda daraja ukivuka uniti 30, kisha tena ukivuka 100, kwa hivyo kiyoyozi hakiongezi uniti peke yake bali hupandisha na bei ya kila uniti. Petroli Mombasa ni nafuu kwa takriban Sh3 kwa lita kuliko Nairobi, lakini asiye na gari haioni nafuu hiyo.

Linalovunja wengi, Nairobi na Mombasa sawia, ni mwanzo. Nyumba ya Sh30,000 hudai kodi ya mwezi mmoja na dipositi sawa na hiyo, jumla Sh60,000, kabla ya kitanda, godoro na mtungi wa gesi. Mshahara wa kwanza ukichelewa hadi mwisho wa mwezi wa tatu, atakuwa ametoa Sh120,000 za nyumba peke yake, na mwenye nyumba haulizi hazina imefunguliwa au la. Malimbikizo yakija kwa mkupuo, atazame hati yake ya mshahara. Mhasibu akiyakata kama mshahara wa mwezi mmoja, mwanagenzi hupata nafuu na viwango vya chini vya ushuru mara moja tu, na hupoteza zaidi ya Sh7,600 kwa kila mwezi ulioachwa. Ushuru huhesabiwa kwa mwaka, kwa hivyo adai marejesho anapojaza ritani kwenye iTax, mtandao wa KRA, kabla ya Juni 30. Na HELB, mkopo wa elimu ya juu, asiisahau: ulipaji huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na faini ya kukaa kimya ni Sh5,000 kila mwezi.

Kwa hivyo tunaiomba Wizara ya Afya jambo ambalo halihitaji bajeti mpya. Barua ya kumpangia mwanagenzi kituo imweleze mambo matatu: kama hospitali ina chumba cha kulala kwa walio zamu, kama kuna nyumba ya wafanyakazi na kodi yake ni kiasi gani, na tarehe ambayo mshahara wa kwanza utaingia benki. Ipatikane mwezi mmoja kabla ya kuripoti, maana ajenti hatoi funguo kwa ahadi.

Daktari na mhasibu,
Tudor, Mombasa