Mesquite na boya la Keweenaw

Kwako Salim,

Salamu nyingi. Umeuliza kama Mesquite ilikuwa meli ya vita. La, ilikuwa meli ya kuweka na kuopoa maboya, ingawa iliingia kazini Agosti 1943 vita vikiwa vimepamba moto, ikapelekwa Pasifiki. Ilikuwa moja ya meli 39 zenye urefu wa futi 180 za Walinzi wa Pwani wa Marekani. 38 ziliundwa Duluth, Minnesota. Dizeli zake zilifua umeme tu, na mota ya umeme ndiyo iliyozungusha rafadha, kwa hiyo iliweza kulisogelea boya polepole mno.

Kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, mwaka ukielekea ukingoni, maboya huopolewa kabla barafu haijayakokota. Meli hulijia boya ikiukabili upepo au mkondo, wowote ulio na nguvu zaidi. Boya hutiwa kamba, kreni hulinyanyua hadi sitahani, mnyororo hubanwa ukingoni. Serahangi, msimamizi wa kazi za sitahani, haruhusu mtu kusimama chini ya boya linalobembea, na sitaha ikiwa na barafu ndiyo balaa kabisa. Kisha mnyororo huvutwa hadi jiwe la zege linaloshikilia boya ling'oke chini. Kagua pete za pale mnyororo unapogusa sakafu ya ziwa: hizo husuguliwa na mchanga kutwa kucha, hukonda kabla ya zile za juu.

Jiwe likishang'oka, hakuna tena kinachoishika meli, upepo unaichukua. Na boya lililolala sitahani halimwonyeshi mtu mwamba. Kwa hiyo kabla ya kuongeza mwendo ni lazima upime upya mahali ulipo, uweke alama kwenye ramani. Ajali ikitokea, watu humtazama aliyeshika usukani. Mimi naona hatari huanza pale boya linapotua.

Tarehe 4 Desemba 1989 Mesquite ilikuwa ikiopoa maboya ya meli nyingine, Sundew, iliyokuwa matengenezoni. Ilikuwa imetoka tu kunyanyua boya la rasi ya Keweenaw Point, Ziwa Superior, ikapanda mwamba mnamo saa 8 usiku. Mawimbi yakaipigiza mwambani, maji yakaingia. Mabaharia wote wakaokoka, wakachukuliwa na Mangal Desai, meli ya mizigo ya India. Dhoruba za majira ya baridi zikaimaliza Mesquite, na Julai 1990 ikanyanyuliwa na kuzamishwa makusudi karibu na hapo, iwe ya wazamiaji.

Zamu yake bandarini Charlevoix, Michigan, ilichukuliwa na Acacia, meli ya umbo lilelile, iliyostaafishwa 2006.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Bakari