Mafundi, kwangueni bomba kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu, na zaidi wakubwa wanaotuharakisha kazini. Nina miaka 17 katika kazi ya mabomba na vipimo. Mita nyingi za mawimbi ya sauti, hizi zinazobanwa nje ya bomba bila kulikata ili kupima maji yanayopita, huitwa mbovu ilhali ni nzima kabisa. Zimefungwa vibaya tu.

Majuzi niliitwa kwenye kituo cha kusukuma maji. Bomba la chuma, kipenyo cha nje milimita 219. Nilikuta vihisi, yaani vipande vya mita vinavyotuma na kupokea sauti, vimebanwa mgongoni mwa bomba, hatua moja tu kutoka kwenye kiwiko (kona ya bomba), juu ya rangi iliyobambuka. Namba zilikuwa zinarukaruka, kisha zinapotea. Iliniuma, maana mita ile ilikuwa tayari imeandikiwa barua ya kutupwa.

Bomba lililolala hukusanya hewa mgongoni na tope tumboni. Vihisi vikae ubavuni. Nalo bomba lazima lijae. Likiwa nusu, mita hizi hazina msaada. Kuhusu kiwiko, maji yakitoka pale huwa bado yanazunguka, hayajatulia. Kanuni tuliyofundishwa ni kuacha bomba lililonyooka mara 10 ya kipenyo kabla ya vihisi na mara 5 baada yake. Kwa bomba lile ni zaidi ya mita 2 nyuma na zaidi ya mita 1 mbele. Pampu au vali iliyofunguliwa nusu ikiwa karibu, ongezeni.

Sasa rangi na kutu. Kihisi kimoja hutuma sauti kufuata maji, kingine kinyume chake, na mita hupima tofauti ya muda. Sauti husafiri majini takribani mita 1,480 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti hiyo ni ndogo mno. Utando wa hewa chini ya kihisi, hata mwembamba kama karatasi, unatosha kuizuia sauti isiingie. Ndiyo maana nasema kwangueni hadi chuma king'ae, futeni vumbi, pakeni grisi yake ya kutosha, ndipo mbane. Nilikwangua pale kwa brashi ya waya na msasa hadi mabega yakauma.

Kilichonisikitisha zaidi ni unene wa ukuta wa bomba. Waliofunga waliingiza kwenye mita milimita 8 kutoka kwenye mchoro wa zamani. Nilipopima mwenyewe nilipata 6, kutu imekwisha kula. Milimita 2 hizo zinaonekana si kitu, lakini eneo la ndani hukua kwa mraba wa kipenyo, hivyo mita ingesoma pungufu kwa takribani asilimia 4 hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa. Hapo mtu anatafuta maji yaliyopotea, kumbe yanapita.

Nilihamisha vihisi, nikaingiza vipimo halisi, nikaomba vali ifungwe bomba likiwa limejaa. Mita ilitulia kwenye sifuri. Vali ilipofunguliwa, namba zilipanda taratibu na kukaa.

Kazi yote ilichukua saa tatu. Kubana mikanda kulinichukua dakika kumi tu. Muda uliobaki uliishia kwenye kutafuta mahali, kukwangua na kupima. Wakubwa wetu, muda huo ndio tunaouomba.

Fundi wa vipimo