Barua kutoka Jeddah: Riyali za Safari ya Umra

Kwa Mama yangu mpenzi, pamoja na Ami,
Kibokoni, Mombasa.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo Mama, na shikamoo Ami. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya na kazi yaendelea vyema, alhamdulillahi. Habari za safari yenu ya umra zimenifikia, na furaha niliyonayo siwezi kuieleza ikamalizika. Tiketi na viza mmeshamwachia wakala, kwa hivyo hapo sina la kuongeza. Linalonikosesha usingizi ni zile shilingi 150,000 za matumizi, ambazo Mama amezikusanya kwa kuchoma mahamri kila alfajiri, na ambazo zaweza kupungua kabla hamjatia mguu Makka iwapo zitabadilishwa kwa pupa.

Nawaandikia haya kwa sababu yalinipata mwenyewe. Nilipokuja huku mara ya kwanza nilibeba shilingi taslimu elfu ishirini, nikidhani kuwa fedha ni fedha popote. Pale Balad, mtaa wa kale wa Jeddah, ambapo maduka ya kubadilisha fedha yamepakana, wawili walinirudishia bila hata kuzihesabu, na wa tatu akanitajia bei iliyonifanya nizirudishe mfukoni. Nilikuwa pia na noti moja ya dola mia, ya toleo la zamani, niliyouziwa Mombasa jioni ya kuamkia safari wakati sina nafasi ya kuikagua. Mwenye duka aliinyanyua kwenye taa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo uliochanika kiasi cha ukucha, akaona na alama ya wino iliyopigwa kando ya picha, kisha akaisukuma kunirudishia chini ya kioo bila kusema neno. Wiki yangu ya kwanza katika nchi hii nilikula kwa deni la mwenzangu wa chumbani. Sitaki hayo yawafike nyinyi, na hasa si mahali pa ibada.

Jambo kubwa ninalowaomba mlishike ni kwamba riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola ya Marekani. Tangu mwaka 1986 dola moja ni riyali 3.75, na kiwango hicho hakijaguswa. Maana yake ni kwamba mbele ya shilingi yetu riyali haina njia yake yenyewe: dola ikipanda Mombasa, riyali hupanda nayo, na ikishuka hushuka nayo. Mtakumbuka mwanzoni mwa 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160. Riyali wakati huo ilikuwa inakaribia 43. Dola iliporudi karibu 130 mwaka huohuo, riyali nayo ikateremka hadi karibu 35. Kwa hivyo mtu akikuambia kuwa riyali imepanda kwa sababu mahujaji ni wengi ilhali dola imetulia palepale, fahamu kuwa kilichopanda ni faida yake.

Ami, wewe ndiye mwenye hesabu, basi kipimo chenyewe nakukabidhi. Uliza kwanza bei ambayo duka linauza dola, uigawe kwa 3.75, na jibu utakalopata ndilo thamani halisi ya riyali siku hiyo. Tuchukue mfano kwamba dola inauzwa kwa shilingi 130. Ukigawa utapata 34 na senti 67. Duka likikuuzia riyali kwa chini ya 35, nunua riyali moja kwa moja umalize kazi, kwa kuwa tofauti ni ndogo na utajiepusha na usumbufu wa kubadilisha mara mbili. Lakini likikutajia 36, hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwa 36, shilingi 150,000 zitakupa riyali 4,166. Ukinunua dola 1,150 kwa shilingi 130, utabakiwa na shilingi 500 mkononi, na hapa Jeddah ukizibadilisha kila dola kwa riyali 3.73, ambayo ni bei ninayoikuta dukani mara kwa mara, utapata riyali 4,289. Hizo ni riyali 123 zaidi, yaani zaidi ya shilingi elfu nne, na kwa mahamri ya shilingi kumi ni zaidi ya mahamri mia nne ambayo Mama ameyasukuma kwa mkono wake.

Kabla ya kwenda mjini, tazameni kwanza viwango ambavyo Benki Kuu ya Kenya huvitangaza katika tovuti yake kila siku ya kazi. Mjukuu yeyote mwenye simu atavitafuta. Hamtauziwa kwa bei ile hasa, kwa sababu ile ni wastani na duka lazima lipate chochote, lakini mtajua mko mbali nayo kiasi gani. Kisha ulizeni maduka matatu au manne, ya Moi Avenue na Digo Road na popote penye leseni ya Benki Kuu iliyotundikwa ukutani, na muulize asubuhi siku ya kazi, si Jumamosi jioni wala Jumapili, ambapo masoko yamefungwa na wauzaji hujiwekea bei ya tahadhari. Kila ubao una bei mbili. Ile ndogo ni ya duka kununua kwenu, na ile kubwa ndiyo inayowahusu. Msiridhike na tangazo kwamba hakuna ada, maana ada inaweza kuwa imekwisha kutiwa ndani ya bei. Swali la kuuliza ni moja tu: nikikupa shilingi hizi, nitatoka hapa na riyali ngapi mkononi? Ukitaja kiasi chote kwa mara moja, mara nyingi husogezewa senti kadhaa, nawe usione haya kuomba. Chukueni kitambulisho, na msiondoke bila risiti.

Mkinunua dola, mkatae kwa upole noti yoyote iliyochanika, iliyoandikwa au yenye muhuri. Ombeni noti za mia zenye ule utepe wa buluu katikati, ambazo zilianza kutumika mwaka 2013, kwani hizo hupokelewa huku bila maneno.

Nimesikia kuwa kuna jirani aliyejitolea kupokea shilingi zenu sasa, kisha jamaa yake awape riyali Makka. Nia yake huenda ni njema, lakini nawasihi msikubali. Masheikh wetu hutufundisha kuwa kubadilishana sarafu ni mkono kwa mkono katika kikao kimoja, na kwa safari ya umra sioni sababu ya kujitia katika shaka. Wala kiongozi wa msafara akiwaomba mumbebee fedha za kundi msikubali, kwa sababu anayeingia Saudia na fedha nyingi kupita kiwango kilichowekwa hutakiwa kuzitangaza forodhani, na aliyezibeba ndiye atakayeulizwa.

Kuhusu kununua sasa au kusubiri, maoni yangu ni kwamba mnunue nusu wiki hii na nusu iliyobaki siku chache kabla ya safari. Wapo waliohifadhi dola mwanzoni mwa 2024 wakingojea zipande zaidi, na wakaumia. Sisi si wafanyabiashara wa sarafu.

Kadi ya benki ya Ami ichukueni kama akiba. Aulize benki yake kabla ya kuondoka hutoza kiasi gani kwa kila mara ya kutoa fedha nje ya nchi, na kama ada hiyo ni kubwa, atoe mara chache kwa kiasi kikubwa. Mashine ikimuuliza kama anataka kulipa kwa shilingi au kwa riyali, achague riyali kila mara. Akichagua shilingi, mwenye mashine ndiye atakayempangia kiwango, na hakitakuwa cha kumfaa.

Mkipitia Addis Ababa au Dubai, msibadilishe chochote humo uwanjani. Hapa Jeddah pia msisimame kwenye vioo vya uwanja wa ndege, kwa sababu nitakuwa mlangoni nikiwangojea na riyali 200 za teksi na maji. Noti hiyo ya 200 ilitoka mwaka 2021, na Mama asiistaajabie. Dola zenu tutazibadilisha pamoja kesho yake, polepole, duka baada ya duka. Riyali zitakazobaki mwishoni tutazikusanya katika noti kubwa mrudi nazo, na sarafu ndogondogo tutazitoa sadaka, kwani Mombasa hakuna duka litakalozipokea.

Ami, ukishauliza bei, niandikie namba mbili tu, ya dola na ya riyali, kabla hujalipa. Nitakujibu siku hiyohiyo hata nikiwa kazini.

Nisalimieni wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mwanenu,
Jeddah.