Barua kwa mwanangu anayekwenda Charleston

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Mama yako kanisikilizisha sauti uliyomtumia, kwamba Septemba unakwenda Charleston, kule South Carolina, Marekani, na wenzako wawili wa kazini, siku nne, kupumzika. Nimefurahi. Miaka mitatu ya kukesha zamu za usiku ukiwauguza wazee wa watu, mwili lazima udai haki yake. Ila hilo la kukodi nyumba Folly Beach, hatua chache tu kutoka majini, usiku ule sikupata usingizi.

Usiingie majini. Nakuambia mapema, ili hata ukiisoma barua hii juu juu, hilo uwe umeliona. Habari ya baba yako mdogo unaijua, siirudii.

Usiseme umezaliwa Bagamoyo bahari unaijua. Huku kwetu Unguja imekaa mbele yetu, inapunguza nguvu za bahari kuu. Folly Beach inatazamana na Atlantiki uso kwa uso. Kuna mikondo ufukweni pale inayomkokota mtu aliyesimama kwenye maji ya kiunoni, ikampeleka nje. Ikimshika mtu asishindane nayo. Aelee, kisha akate ubavuni, sambamba na ufukwe, mpaka atoke kwenye mkondo. Lakini hayo ni maelekezo ya anayejua kuogelea. Kaka zako wanajua. Wewe hukujua, na si kwa uvivu: kila ulipoomba kwenda nao, nilikutafutia kazi ya kufanya nyumbani. Ninalifikiria hilo siku hizi.

Kaeni mjini zaidi. Mji wenyewe unatosha, ni wa tangu 1670, uko kati ya mito miwili, Ashley na Cooper. Nyumba za kale mtazikuta na vyuma vya mviringo ukutani. Ni vichwa vya nondo zilizopitishwa ndani kuzibana kuta, nyingi baada ya tetemeko la 1886. Ukifika ile bustani ya mwisho wa mji, tazama baharini utaiona ngome ya Fort Sumter. Hapo ndipo Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa mshika usukani wa meli, alipita alfajiri ya 13 Mei 1862 na meli ya mabwana, Planter, akiwa amevaa kofia ya kapteni na kupiga honi kama inavyotakiwa, familia yake imo ndani. Wakatoka huru. Nimewafundisha historia watoto wa watu miaka thelathini na mmoja na habari hiyo haijanichosha. Lakini Smalls aliyajua maji yale, mama. Kila fungu la mchanga alilijua.

Nenda pia kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa 2023 pale ilipokuwa Gadsden's Wharf, gati walikoshushwa Waafrika maelfu kwa maelfu. Waliopita hapa kwetu wengi walivushwa Unguja na kwenda Arabuni. Wa kule walitoka zaidi Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Wewe umekulia karibu na Caravanserai, kile kituo cha kale cha misafara, ukiwa pale hutahitaji kuelezwa sana. Kaa hata nusu saa bila simu.

Sokoni utawakuta kina mama wa Kigullah, wajukuu wa watumwa wale, na vikapu vyao. Havisukwi ukili kama anavyosuka mama yako. Wanashika fungu la nyasi nyembamba, wanalizungusha duara juu ya duara, na kila mzunguko unashonewa kwa wa chini yake kwa utepe wa jani jamii ya mkindu. Kazi hiyo babu zao walitoka nayo Afrika. Bei ni kali na ni haki yao. Mnunulie mama kimoja, hata kile cha ukubwa wa kiganja.

Halafu Septemba, kwa nini Septemba? Ndio kilele cha vimbunga upande ule. Kimbunga Hugo kiliwapiga usiku wa kuamkia 22 Septemba 1989. Hata pasipo kimbunga, maji ya bamvua hupanda mpaka barabarani, maana sehemu kubwa ya mji ni vijito vilivyofukiwa. Mkiambiwa hameni, hameni siku hiyohiyo, pesa ya nyumba iachwe ipotee. Ungeniuliza kabla hujalipa ningekuambia hayo, lakini siku hizi mambo nayasikia kupitia kwa mama yako. Sikulaumu sana. Nilikuwa mkali kwenye simu ulipobadilisha chuo, na umefika ulipofika bila ushauri wangu.

Bati la jikoni tayari, fundi alimaliza Jumamosi, na pesa uliyotuma imebaki elfu arobaini na mbili. Nimenunulia dawa za presha za mama yako. Mwembe wa nyuma umezaa mpaka matawi yanagusa ukuta wa jirani, keshalalamika, nitaupunguza. Mpangaji wa chumba cha uani amelipa miezi miwili.

Mwezi huu usitume kitu. Itumie huko, ule samaki vizuri. Ila nitumie namba za wale wenzako wawili, na uniambie nani kati yao anajua kuogelea.

Baba yako