Taa ya fowili inawaka, matairi ya mbele hayavuti

Mwezi wa nne, masika yameshika, mwalimu mmoja mstaafu aliingia gerejini kwetu na Suzuki Jimny iliyopakwa tope mpaka kwenye vitasa vya milango. Sisi tupo Arusha, na yeyote anayepita barabara za vumbi za Monduli au Simanjiro anaufahamu ule udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha unang'ang'ania tairi kama ugali kwenye mwiko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Wiki hii nimevutwa na trekta mara mbili. Na taa ya fowili inawaka vizuri tu, haipepesi, haina shida."

Tulipandisha matairi yote mawili ya mbele kwa jeki, tukaweka stendi, injini ikiwa inawaka na gia ikiwa nyutro, tukabonyeza kitufe cha 4WD, yaani fowili, matairi yote manne yavute. Kisha kijana akashika tairi la kushoto akalizungusha kwa mkono. Gari likiwa kwenye fowili kweli, na matairi ya nyuma yamekanyaga chini, ukizungusha tairi moja la mbele lile la pili lazima lizunguke kinyume, maana difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya kushoto na kulia, ndiyo inayoyaunganisha. La Mwalimu lilizunguka peke yake kama feni. La kulia likatulia tuli. Na kwenye dashibodi, taa ya kijani imetulia vilevile.

Sababu tuliikuta chini. Mpira mwembamba wa hewa unaoshuka kwenye ekseli ya mbele ili kufunga habu, yaani kiungo kinachoshikanisha tairi na shafti yake, kabla haujagawanyika kwenda kushoto na kulia, ulikuwa umechomekwa skrubu na kupakwa silikoni juu yake. Kuna fundi aliyewahi kuletewa gari likiwa na taa inayopepesa, dalili kwamba hewa inavuja. Badala ya kutafuta panapovuja, akaziba mpira. Taa ikatulia, mwenye gari akalipa na kuondoka akiwa ameridhika, na kuanzia siku hiyo akawa anaendesha gari la matairi mawili lenye taa ya matairi manne.

Kwa sababu hiyo tumeona tuwaandikie wateja wetu kuhusu habu: zinafanya nini, kwa nini tunapenda zile za kufunga kwa mkono, na ni gari gani tutakataa kuliwekea hata ukituonyesha pesa.

Magari ya fowili ya muda, yaani yale unayochagua mwenyewe lini matairi manne yavute, yana tatizo moja la kimaumbile. Ukiwa kwenye lami unatumia matairi ya nyuma tu. Sasa matairi ya mbele yanapozunguka barabarani, bila habu ya kuachia yangeburuza shafti zake, difu ya mbele na propela yake (shafti ndefu inayoileta nguvu mbele), vyote vikizunguka bure kutwa nzima. Habu ni kiungo kilichopo katikati ya tairi, kazi yake ni kushikanisha tairi na shafti au kuvitenganisha. Ikiachiwa, tairi linazunguka peke yake na vyuma vya ndani vinapumzika. Ikifungwa, shafti na tairi vinakuwa kitu kimoja. Wazo hili si geni. Mwaka 1948 huko Seattle, Marekani, Arthur Warn alianza kutengeneza habu za aina hii kwa ajili ya jeep zilizobaki baada ya vita, ili watu wazitumie barabarani bila kuchosha mitambo ya mbele. Warn hiyohiyo leo wengi mnaijua kwa winchi.

Baadaye watengenezaji wakaona madereva wamechoka kushuka kwenye gari kuzungusha habu, wakaleta za kujifunga zenyewe. Ziko za namna mbili, na kila moja ina namna yake ya kukuangusha.

Jimny ya kizazi cha tatu, ile iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2018 na ambayo imejaa mtaani, inatumia vakyumu. Injini inaponyonya hewa, sehemu ya nguvu hiyo ya kunyonya inapelekwa kwa mipira na vali za umeme hadi kwenye habu, na humo ndani kuna kitu kinachovutwa ili meno yashikane. Ni ubunifu mzuri, na gari likiwa jipya unafurahia. Lakini hesabu mwenyewe njia ya hewa hiyo: mipira, viungio, vali, halafu sili zilizopo pale tairi linapopindia kona, mahali panapokula vumbi na tope kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari. Mpira wa miaka 15 unapasuka ufa usioonekana kwa macho, sili inalegea kidogo, na kunyonya kote kunaishia hewani. Fundi akiwa mwaminifu atakufuatilia panapovuja na kupaziba. Wakati mwingine tunafanya hivyo, na gari linakaa sawa. Wakati mwingine unaziba hapa, baada ya miezi mitatu panavuja pale.

Namna ya pili ni ya kimakanika, utaikuta kwenye Pajero na Patrol za zamani na pikapu nyingi za miaka ya 1980 na 1990. Hizi hazina mpira wala hewa. Shafti ikianza kuzunguka ndipo habu inajibana, na ili iachie unarudi kwenye 2WD (matairi ya nyuma tu) kisha unarudi nyuma mita moja au mbili. Mtego wake uko hapo kwenye kurudi nyuma. Umekwama, unafanya kile ambacho kila mmoja wetu hufanya: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo. Kila unapobadilisha mwelekeo habu inaachia, inajibana tena kwa kishindo, inaachia. Ukisikia "ta! ta!" kwenye matairi ya mbele wakati unapambana na tope, ndiyo hiyo. Na kwenye mteremko mkali, unapotegemea injini ikushike, zinaweza kuachia wakati unazihitaji kuliko wakati wote.

Halafu kuna jambo ambalo wateja huwa hawaamini mpaka tuwaonyeshe. Habu moja ikigoma, hujapoteza nusu ya nguvu ya mbele, umeipoteza yote. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye upande mwepesi. Shafti ya upande wenye habu mbovu haina mzigo wowote, kwa hiyo itazunguka yenyewe kwa raha zake huku tairi zima la upande wa pili likisimama kukutazama.

Habu ya mkono haina ujanja wowote. Ni kifuniko chenye kitasa cha kuzungusha, kimeandikwa FREE na LOCK. Ndani kuna springi na gia inayosogea. Ukizungusha hadi LOCK, meno yanaingia na yanabaki hapo, uende mbele, urudi nyuma, uteremke, injini izime. Hakuna mpira wa kupasuka. Ukitaka kujua kama imefunga, unaangalia kitasa. Kwa Toyota tunapenda za Aisin, ambao ndio waliotengeneza nyingi za asili za Land Cruiser na Hilux. Kwa Jimny kuna za AVM kutoka Brazil ambazo tumezifunga na zimekaa vizuri. Zipo pia za bei poa zisizo na jina. Tukikuletea moja mkononi pamoja na nyingine ya maana, utatofautisha kwa uzito tu kabla hata hatujafungua mdomo.

Hasara yake ni moja na hatuifichi: lazima ushuke. Mvua inanyesha, umevaa viatu vya ofisini, habu iko chini ya tope. Ndiyo maana tunawaambia wateja wafunge habu nyumbani au pale lami inapoishia, siyo baada ya kuzama. Kuendesha habu zikiwa LOCK huku gari liko 2WD hakuharibu kitu, hata kwenye lami. Vyuma vya mbele vinazunguka tu kama vingezunguka kwenye gari lisilo na habu. Kinachoharibu ni kuweka 4WD kwenye lami kavu. Hapo mitambo ya mbele na ya nyuma inakabana, usukani unakuwa mgumu kwenye kona, na ukitaka kurudi 2WD gia haitoki. Ikikutokea, rudi nyuma mita kadhaa kwa mstari ulionyooka, itaachia.

Wengine huja wakiuliza mafuta. Ndiyo, habu zikiwa huru kuna vyuma vichache vya kuzungusha, lakini tofauti ni ndogo. Kama hicho ndicho kinachokuleta, anza na upepo wa matairi.

Na kuna wanaochanganya LOCK ya habu na loki ya difu. Si kitu kimoja. Habu zako zikiwa zimefungwa zote mbili, bado tairi moja la mbele na moja la nyuma yanaweza kuzunguka hewani ukiwa umekaa mshazari kwenye korongo. Habu inahakikisha nguvu inafika kwenye matairi ya mbele. Namna itakavyogawanywa kati ya kushoto na kulia ni kazi ya difu.

Sasa wale tutakaowarudisha. Rav4, X-Trail, Forester na jamii yake hazina mahali pa kuweka habu hizi, shafti imeingia moja kwa moja kwenye tairi. Prado za 90 na 120 ni za fowili ya kudumu, vilevile Defender na Land Cruiser 80 nyingi. Kwenye magari hayo kuna difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiweka habu ukaziachia, difu ya katikati itapeleka mzunguko wote mbele kusiko na mzigo, na gari halitasogea hata hatua mpaka ufunge difu hiyo. Kuna seti za kubadilisha 80 iwe fowili ya muda, lakini hiyo ni kazi ya kufungua transfa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma), mazungumzo mengine kabisa, na wengi tukishawaeleza gharama huahirisha.

Kazi yenyewe kwenye Jimny hutuchukua nusu siku, na muda mwingi ni usafi. Tunafungua bolti 6 za habu ya zamani, tunatoa saklipi (kipete cha chuma cha kuzuia) iliyoko mwisho wa shafti, habu inatoka. Hapo ndipo tunapojua hali halisi ya gari lako. Grisi ikitoka ya rangi ya maziwa ya chai, maji yameingia, na hatuwezi kufunga habu mpya juu ya beringi yenye kutu. Tutakupigia simu kwanza. Tunahesabu meno ya shafti na kuyalinganisha na ya habu mpya kabla ya kitu kingine, kwa sababu magari ya jina moja yanaweza kutofautiana mwaka hadi mwaka.

Grisi ya ndani ya habu tunapaka kiasi, kama unavyopaka siagi kwenye mkate wa mgeni usiyempenda sana. Mafundi wengi hujaza wakidhani wanasaidia, kisha gia inashindwa kusogea na mteja anarudi kulalamika kwamba kitasa ni kigumu. Kwenye Land Cruiser, saklipi hugoma kuingia kwenye mfereji wake kwa sababu shafti imerudi ndani. Tunafunga bolti ya milimita 8 kwenye tundu lililoko mwisho wa shafti, tunaivuta nje, saklipi inakaa. Ukiona fundi anaigonga kwa nyundo, mwombe apumzike.

Ile mipira ya vakyumu ya Jimny haina kazi tena, lakini hatuing'oi. Tunaiziba chini, upande wa ekseli, kwa vizibo vyake, ili mfumo uendelee kuona hewa haivuji na taa isipepese. Ndiyo, ni kitu kilekile alichofanya fundi wa Mwalimu kwa skrubu yake. Tofauti ni kwamba safari hii tairi linashikwa na chuma. Na tundu lililobaki upande wa tairi nalo tunaliziba, maji yasiingie.

Mwisho tunarudia lile jaribio la mwanzo mbele yako. FREE: tairi linazunguka, shafti imelala. LOCK: shafti inakwenda nalo. Pande zote mbili. Ukishaondoka, zungusha kwa vidole tu, usitumie plaizi hata siku moja. Kitasa kikigoma, sogeza gari kidogo mbele au nyuma ili meno yakutane, jaribu tena. Na usiziache FREE mwaka mzima. Toyota hushauri kutumia fowili walau kilomita 16 kila mwezi ili mafuta yafike kwenye vyuma vya mbele. Barabara ya vumbi ya kwenda shambani inatosha.

Gari la Mwalimu lilitoka siku hiyohiyo jioni. Alizungusha habu zote mbili mwenyewe, mara nne, akavaa miwani akasoma maandishi, kisha akatuomba tumpe na ile skrubu. Hakusema anaipeleka wapi.

Ukipanga kuja, osha gari chini kwanza na utuletee asubuhi. Tutumie picha ya katikati ya tairi la mbele na ya kitambulisho cha gari kilichoko chini ya boneti kabla ya siku hiyo, tukuambie kama linafaa. Habu zako za zamani tutakurudishia kwenye boksi. Usizitupe, kuna wanaozitafuta, na siku ukiuza gari mnunuzi anaweza kuziulizia.