Kwa washenga na wazee wa posa: msimsome Labani nusu

Wazee wenzangu,

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine nawasalimu. Nimekaa vikao vya posa kwa zaidi ya miaka thelathini, mara upande wa mwoaji, mara upande wa binti. Kila hesabu ya mahari inapokwama, hakosekani mmoja wetu wa kufungua Biblia, Mwanzo 29, na kusema, "Hata Yakobo alitumika." Kweli alitumika, kwa mjomba wake Labani, ili amwoe binti yake Raheli. Ila wengi wetu tunafunga kitabu hapo hapo, tukamwacha Labani ametabasamu.

Anzeni nyuma kidogo, sura ya 24. Mtumishi wa Ibrahimu, mshenga hasa, aliyetumwa kumtafutia Isaka mke, amefika kisimani na ngamia kumi. Rebeka anamteka maji, anavikwa pete ya nusu shekeli na vikuku viwili vya shekeli kumi za dhahabu. Shekeli moja ni kama gramu 11, kwa hiyo pigeni hesabu mikono ya yule binti ilikuwa na uzito gani alipokimbia nyumbani. Na nani anatoka mbio kumkaribisha mgeni? Labani, kaka yake, baada ya kuiona pete na vikuku. Mwandishi hakumtukana, ametaja tu alichokiona kwanza.

Chakula kinaandaliwa, mshenga anakataa kula mpaka aseme lililomleta. (Sisi tunakula pilau kwanza, ndiyo maana maneno yanatoka mazito.) Baada ya kukubaliana, vyombo vya fedha na dhahabu pamoja na mavazi anapewa Rebeka mwenyewe, kaka na mama wanapata vitu vyao vya thamani. Asubuhi wanaomba binti akae nao walau siku kumi, mshenga anakataa, ndipo wanasema aitwe aulizwe. Naye anajibu neno moja: "Nitakwenda."

Miaka mingi baadaye Yakobo, mwana wa Isaka na Rebeka, anafika kwa Labani huyo huyo, mjomba wake, hana ngamia wala pete. Ana mikono tu. Anataja kila kitu kwa jina: miaka saba kwa Raheli, binti yako mdogo. Sikilizeni jibu: afadhali nikupe wewe kuliko mtu mwingine, kaa nami. Jina la Raheli halimo. Miaka ikatimia, harusi ikafanywa, na kulipokucha, kumbe ni Lea, dada mkubwa! Hapo ndipo mila inapotajwa kwa mara ya kwanza, kwamba kwao mdogo haolewi kabla ya mkubwa. Miaka saba mzee ameikalia kimya. Najua Yakobo naye alimhadaa baba yake kwa ngozi za mbuzi, lakini deni lake kwa Isaka halikumpa Labani ruhusa.

Na tafadhali tuache kuhubiri kwamba alimsubiri Raheli miaka 14. Alimaliza juma la Lea, akapewa Raheli, kisha akatumika saba nyingine. Ile ya pili ilikuwa kwa mkopo.

Nimewahi kushuhudia jambo la namna hiyo. Tumeshakabidhiana, mkaja wa mama umetolewa, tumekula na kushukuru, mjomba mmoja akakumbuka kwamba kwao kuna kilemba cha babu. Vijana waliangaliana. Mimi nilikuwa mshenga na nilinyamaza, na hilo linanisumbua hadi leo.

Sasa fungueni sura ya 31, ile isiyosomwa kikaoni. Yakobo ametumika miaka 20, ujira umebadilishwa mara kumi, anawaita wake zake shambani. Raheli na Lea, waliogombana miaka yote kwa ajili ya mume na watoto, hapa wanazungumza kwa kauli moja: baba anatuhesabu kama wageni, ametuuza, na fedha zetu amezila. Zetu! Kwao, jasho la Yakobo halikuwa la Labani kumalizia mfukoni. Kulikuwa na fungu lao ndani yake.

Msidhani ni malalamiko tu ya wanawake wenye hasira. Karne ya 5 kabla ya Kristo, Wayahudi walioishi kisiwa cha Elephantine, kwenye mto Nile karibu na Aswan, waliandika mikataba ya ndoa kwa Kiaramu juu ya mafunjo, na baadhi imebaki. Mmoja ni wa Mibtahiah. Mume alimpa baba wa binti shekeli 5, nazo zikajumlishwa kwenye hesabu ya mali ya binti, pamoja na nguo na vyombo vyake. Mibtahiah akitaka kuachana, angesimama mbele ya mkutano, akalipa fedha ya talaka, akaondoka na vyote alivyokuja navyo, kuanzia unyasi hadi uzi. Jina lao la mahari, *mohar*, ndilo lililomo kwenye Torati, nalo ni ndugu wa *mahr* ya Kiarabu iliyotupa neno letu.

Labani mwenyewe mwishoni, pale kwenye rundo la mawe aliloliita kwa Kiaramu, alimwapisha Yakobo asiwatese binti zake wala asiongeze wake. Lilikuwa sharti zuri, lakini lilikuja baada ya miaka 20, na binti walikuwa wamekwisha kupanda ngamia.

Jumamosi tuna kikao. Naomba mila zote zitajwe kabla ya sufuria kufunuliwa, tuandike fungu la binti ni lipi, na yeye aitwe aketi pale akisikia. Nikiona mwenzangu anafungua sura ya 29, nitamwomba aendelee kusoma hadi 31.

Mzee mwenzenu